Maji ya Matunda: Faida na Hatari

Wakati maembe yanajaa sokoni hapa Kolwezi, wengi munakamua matunda na kuwapa watoto maji yake. Ni vizuri?

Faida iko. Maembe, machungwa na mapapai yana vitamini C. Hiyo inasaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika lengalenga na maharagi, yanayojenga damu.

Lakini hatari iko pia. Tumbo la mtoto ni dogo. Akishiba maji matamu, atakataa bukari na samaki, atakonda. Ukichuja, nyuzi zinazosaidia choo unazitupa, sukari inabaki na kuharibu meno. Ukitia maji yasiyochemshwa, unamletea kuhara.

Basi, mushike haya:

1. Mpaka miezi 6: maziwa ya mama tu.

2. Kutoka miezi 6: umponde papai au embe, umlishe kwa kijiko. Maji ya matunda bado, mpaka atimize mwaka 1.

3. Baadaye: nusu kikombe kwa siku inatosha, pamoja na chakula. Usitie katika chupa ya kunyonyea.

4. Uoshe kila tunda na jani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya watoto wa Kasulo. Vumbi la madini linaingia hata mdomoni.

5. Sombe mbichi usikamue kamwe, ina sumu. Uitwange, uipike sana.

Mama, tunda lenyewe linashinda maji yake.