Juu ya Kupima Jenereta, na Wajibu wa Karani Aandikaye Hesabu Zake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulipoombwa na Halmashauri kusema maneno machache mbele yenu, wengi walidhani tutasema habari za likizo au nyongeza za mishahara, maana hizo ndizo ziletazo watu mkutanoni. Lakini tumeomba ruhusa kusema juu ya jambo ambalo huenda mkaliona si letu, nalo ni kupima mizingo ya waya iliyomo ndani ya jenereta. Sisi si mafundi, tu makarani. Walakini mkitusikiliza hata mwisho mtaona ya kuwa kazi hiyo huanza mkononi mwa fundi na kumalizika mkononi mwa karani.

Ndani ya jenereta mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi katika mifereji ya chuma. Umeme hupita katika shaba, wala haupaswi kukigusa chuma. Baina ya viwili hivyo pana ngozi nyembamba izuiayo umeme, iitwayo kihami. Zamani ngozi hiyo ilikuwa ya pamba na karatasi zilizotiwa vanishi, na katika mashine kubwa ilikuwa ya ulanga, jiwe lile libandukalo kama maganda ya kitunguu, ambalo lilichimbwa hata katika milima yetu ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Siku hizi ulanga hushikamanishwa kwa gundi ngumu za viwandani. Maadui wa ngozi hii ni wanne: joto, unyevu, uchafu na mtikisiko. Shaba yenyewe hudumu sana, bali ngozi yake huzeeka. Nayo ikipasuka hata mahali padogo, umeme hurukia chuma na mashine huungua.

Kuipima, mashine husimamishwa na waya zake hutengwa na njia za umeme. Kisha ncha moja ya kipimo hutiwa kwenye shaba, na ya pili kwenye mwili wa chuma. Kipimo husukuma umeme uendao upande mmoja tu, wa volti 500 kwa mashine zilizo chini ya volti 1,000, nao hushikiliwa kwa muda wa dakika moja. Ndipo huonekana jinsi ngozi inavyoukataza umeme kupita. Mwingereza Sydney Evershed alibuni kipimo cha namna hii mwaka 1889, na tangu mwaka 1903 kikajulikana kwa jina la Megger. Vya kale vilizungushwa kwa mkono. Vingi vya sasa hutumia betri. Hesabu yake hutajwa kwa megaomu, yaani omu milioni moja.

Basi tuwaeleze yaliyotupata. Katika stesheni moja tuliyotumikia palikuwa na jenereta ya volti 400, nasi ndio tuliotunza daftari lake. Kila miezi mitatu fundi alipima, akatutajia hesabu, tukaandika. Ya kwanza ilikuwa megaomu 80. Ya pili 62. Ya tatu 45. Mwongozo wa wahandisi unataka mashine ndogo za namna hiyo zisipungue megaomu 5, kwa hiyo kila mtu aliridhika. Hakuna aliyeangalia kwamba hesabu zilikuwa zikishuka kama mtu ashukaye ngazi.

Zamu ya nne iliangukia masika, na fundi alikuwa likizoni. Taarifa ilitakiwa makao makuu kabla ya mwisho wa mwezi. Tukasema mioyoni mwetu, mashine imesimama tu, itabadilika nini? Tukaandika 45 tena, tukapiga muhuri, tukaipeleka posta. Fundi aliporudi alituuliza kama imepimwa. Tukamwonyesha daftari. Akaiamini kalamu yetu, akaiwasha mashine. Haikupita saa moja tukasikia harufu ya vanishi iunguayo, na taa za stesheni nzima zikazimika.

Mkubwa wa stesheni alipochunguza alifungua daftari, akaona 45, akakata shauri kwamba ngozi ya waya ilikuwa nzima na kosa ni la fundi, kwamba ameitwika mashine mzigo kupita kiasi. Mtu yule alikuwa na watoto watano, na miaka kumi na minane kazini. Usiku wa kwanza hatukulala, wala wa pili. Asubuhi ya tatu tulikwenda kwa mkubwa tukaungama. Fundi aliondolewa lawama, nasi tukanyimwa nyongeza ya mwaka. Twakiri ilikuwa haki. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Sisi tulificha maradhi ya mashine, na aliyekaribia kuangamia kwa ajili yake ni mwenzetu.

Baada ya hayo tulimwomba fundi yule yule atufundishe maana ya hesabu tunazoziandika, naye, Mungu ambariki, hakutunyima. Haya ndiyo aliyotufundisha.

Kwanza, hesabu isiyoandikwa pamoja na joto la mizingo haina maana. Kila joto lizidipo digrii 10 za sentigredi, kizuizi hupungua kadiri ya nusu. Asomaye 80 mizingo ikiwa na digrii 30, na asomaye 40 ikiwa na digrii 40, huenda wanasoma hali ile ile. Ndiyo sababu wahandisi hugeuza hesabu zote ziwe za digrii 40 kabla ya kuzilinganisha.

Pili, hesabu moja peke yake haitoshi. Zilinganishwe na zilizotangulia. Zile 80, 62 na 45 zote zilikuwa juu ya mpaka, lakini zilipopangwa pamoja zilikuwa zikipiga kelele, nasi hatukusikia.

Tatu, kwa mashine kubwa, kama zile nne za Kidatu zitoazo jumla ya megawati 204 kwa maji ya Ruaha Mkuu, dakika moja haitoshi. Hupimwa dakika kumi, kisha hesabu ya dakika ya kumi hugawanywa kwa ile ya dakika ya kwanza. Ngozi kavu na safi huzidi kuukataza umeme kadiri muda upitavyo: ikianza 100 na kuishia 300, jawabu ni 3. Ngozi yenye unyevu haipandi: ikianza 20 na kuishia 22, jawabu ni 1.1. Kwa ngozi nyingi zitumikazo sasa, jawabu lisipungue 2. Mashine yenye unyevu haiwashwi, bali hukaushwa kwanza kwa joto la taratibu, kisha hupimwa tena.

Nne, mizingo iliyopimwa hubaki na umeme ndani yake, nao waweza kuua. Hufungwa kwenye ardhi kwa muda usiopungua mara nne ya muda wa kupima. Aliyepima dakika kumi angoje dakika arobaini. Karani asimharakishe fundi ati fomu yangojewa.

Ndugu zetu, mwongozo wa upimaji huu ulitolewa Marekani na chama cha wahandisi wa umeme mwaka 1950, na umesahihishwa mara kadhaa, hata mwaka 2013. Lakini hakuna mwongozo uwezao kumsahihisha karani aandikaye asiloliona. Kipimo kisipofanyika, andikeni wazi: haikupimwa. Maneno hayo yatakukosesha sifa kwa mkubwa siku moja, lakini humwambia fundi: ngoja, pima kwanza. Hesabu ya uongo humwambia: washa.

Daftari zetu huonekana kuwa karatasi tu. Kumbe watu hushika waya, huingia mashimoni na hunywa dawa kwa kuyaamini yaliyoandikwa humo. Tangu siku ile, kila tunapochovya kalamu twaikumbuka harufu ya vanishi.