Taa za Hospitali Zinapozimika Wakati wa Maafa

Makala ya wiki hii inazungumzia jambo ambalo aghalabu hukumbukwa baada ya giza kuingia: namna hospitali, visima vya maji na huduma nyingine ambazo umma hauwezi kuishi bila ya hizo zinavyopangiwa umeme wakati wa maafa.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba mwaka 2012, kimbunga Sandy kilipoupiga mji wa New York nchini Marekani, maji ya bahari katika ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan yalipanda zaidi ya mita 4 juu ya kiwango chake cha kawaida wakati wa kupwa. Ukingoni mwa kisiwa hicho, upande wa mashariki, zipo hospitali mbili kubwa zinazopakana: NYU Langone na Bellevue, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1736. Hospitali zote mbili zilikuwa na jenereta za dharura, na hilo ndilo la kuzingatiwa tangu mwanzo, kwani mara nyingi hudhaniwa kwamba hospitali huingia gizani kwa sababu ya umaskini au kwa sababu hapakuwa na mtu aliyefikiria kununua mashine.

Huko Bellevue jenereta zilikuwa ghorofa ya 13, mahali ambapo hakuna mafuriko yanayoweza kufika. Lakini pampu za kuyapandisha mafuta hadi huko juu zilikuwa chini ya ardhi, na maji yalipoingia humo pampu zikanyamaza. Wafanyakazi wa hospitali pamoja na askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa walijipanga kwenye ngazi, wakipokezana mafuta mkono kwa mkono, ghorofa baada ya ghorofa, ili mashine zisizimike. Hatimaye mamia ya wagonjwa walilazimika kuhamishwa, na ilikuwa Februari mwaka uliofuata ndipo hospitali ilipofunguliwa kikamilifu.

Kwa majirani zao wa NYU Langone hali iligeuka haraka zaidi. Wagonjwa zaidi ya 300 walihamishwa kuanzia usiku ule ule, dhoruba ikiwa bado inavuma. Miongoni mwao walikuwamo watoto wachanga 20 kutoka chumba cha uangalizi maalumu. Wauguzi waliwashusha ngazi wakiwa wamewapakata, kwa mwanga wa tochi, huku wale wasioweza kupumua wenyewe wakisukumiwa hewa kwa mkono. Watoto wote 20 walifikishwa salama.

Miaka 7 kabla ya hapo, mji wa New Orleans ulikuwa umekwisha onja kadhia ya aina hiyo hiyo, na kwa uchungu mkubwa zaidi. Kimbunga Katrina kiliupiga mji huo tarehe 29 Agosti mwaka 2005, na kingo za kuzuia maji zikabomoka. Katika hospitali ya Memorial, jenereta zilifanya kazi kwa muda, kisha alfajiri ya tarehe 31 Agosti zikazimika zote. Sehemu za mfumo wa kuupeleka umeme wa dharura zilikuwa chini ya kiwango ambacho mafuriko yangeweza kukifikia. Joto ndani ya jengo lilipita nyuzi 38, na wagonjwa waliokuwa wakitegemea mashine za kupumulia walibaki na mikono ya wauguzi tu. Baadaye miili 45 ilitolewa katika jengo hilo. Si sahihi kusema kwamba wote hao waliuawa na kukosekana kwa umeme, maana baadhi yao walikuwa taabani tangu mwanzo, na mambo yaliyotendeka humo siku zile yalifikishwa hadi mbele ya vyombo vya sheria. Lakini hakuna ubishi kwamba giza ndilo lililowafikisha madaktari mahali pa kuamua nani atangulie kuokolewa na nani asubiri.

Wataalamu wanapozungumzia umeme wa dharura hawaanzi na jenereta. Huanza kitandani kwa mgonjwa, wakaufuata waya kurudi nyuma: kutoka kwenye mashine ya kupumulia hadi ubao wa swichi wa wodi, kutoka hapo hadi swichi kubwa inayouhamisha mzigo kutoka gridi ya taifa kwenda kwenye jenereta, kisha jenereta yenyewe, betri ya kuiwashia, pampu, bomba, tangi, na mwisho barabara itakayopitiwa na lori la dizeli. Popote katika njia hiyo palipo chini ya maji, au penye kutu, pana uwezo wa kuibatilisha kazi yote iliyofanywa kwingine. Kanuni za Marekani zinataka umeme wa sehemu zinazohusu uhai hospitalini urejee ndani ya sekunde 10. Sekunde hizo 10 hutegemea betri moja ndogo, isiyotofautiana sana na ya lori, na mara nyingi jenereta inapogoma kuwaka chanzo huwa ni hiyo betri.

Houston, katika jimbo la Texas, ilijifunza mapema. Juni mwaka 2001 dhoruba Allison ilifurisha vyumba vya chini vya kituo kikubwa cha tiba cha mji huo, na hospitali ya Memorial Hermann ikalazimika kuwahamisha wagonjwa wake wote wapatao 540. Baada ya hapo vifaa vya umeme vilipandishwa juu, milango mizito ya kuzuia maji ikafungwa, na mnamo mwaka 2010 kikaanza kazi kituo cha kufua umeme cha megawati 48 kwa ajili ya eneo lile la hospitali. Kimbunga Harvey kilipokuja Agosti 2017 na mvua yake isiyo na kifani, hospitali nyingi za eneo hilo ziliendelea kutibu. Ilichukua miaka mingi na fedha nyingi, na pengine wengi waliouliza kwa nini fedha hizo zinatumika kwenye milango walinyamaza siku ile.

Mafuriko, hata hivyo, si dharura pekee. Wasikilizaji walioko Oman, Uingereza na kwingineko wenye jamaa zao Unguja watakumbuka kwamba kisiwa hicho kilitumbukia gizani bila ya kimbunga chochote. Tangu mwaka 1980 Unguja ilikuwa ikipata umeme kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Tarehe 21 Mei 2008 umeme huo ulikatika, na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Ulikatika tena Desemba 2009, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu hivi, hadi Machi 2010. Pemba, ambayo wakati huo ilikuwa na jenereta zake yenyewe, haikuguswa na hitilafu hizo; ndugu waliozoea kuhurumiwa kwa uhaba wa umeme wakawa ndio wenye taa.

Jenereta ya hospitali hufikiriwa kwa saa au siku. Wiki 4 ni jambo jingine, na miezi mitatu ni jingine kabisa. Visima vinavyoulisha mji wa Zanzibar huvutwa kwa pampu za umeme, kwa hiyo mifereji nayo ilikauka, na watu wakahangaika na madumu. Hospitali yenye taa lakini isiyo na maji haiwezi kufanya upasuaji wala kuwasafisha wazazi. Kuna na athari ambayo haikuonekana wakati ule. Mtafiti wa uchumi Alfredo Burlando alichunguza uzito wa watoto waliozaliwa Zanzibar baada ya giza la mwaka 2008, akakuta kwamba ulishuka kwa muda. Aliuhusisha upungufu huo na familia zilizopoteza kipato kwa kuwa kazi zao zilitegemea umeme. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kutumika mwaka 2013.

Hata mashine iliyopo, iliyo juu ya maji na yenye mafuta, haina budi kujaribiwa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika sehemu kubwa ya Kenya, na katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi jenereta iliyotarajiwa kuwaka haikuwaka. Abiria walikaa gizani, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi. Kanuni za Marekani zinataka jenereta ya hospitali iwashwe kila mwezi kwa dakika zisizopungua 30, ikiwa imebebeshwa mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Kuiwasha bila mzigo, kwa ajili ya kusikia mlio wake tu, hakuthibitishi lolote, na tena huidhuru injini.

Katika zahanati za vijijini maswali ni mengine. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake ilieleza kwamba ni takriban nusu tu ya hospitali za Afrika kusini mwa Sahara zilizo na umeme wa kutegemewa. Zahanati zina hali duni zaidi. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa hilo yamepatikana majokofu yanayopata umeme moja kwa moja kutoka paneli za jua na kuihifadhi baridi ndani ya barafu, bila ya betri. Taa ya chumba cha kujifungulia, kwa upande wake, yahitaji betri, kwani uchungu haungojei mchana. Betri hununuliwa kwa fedha za mradi, hudumu miaka michache, kisha hufa baada ya mradi kufungwa na pasipo fungu la kununulia nyingine, na mkunga hurudi kwenye kibatari au tochi ya simu ilhali paneli zingali juu ya paa, nzima, zikipigwa na jua.