Hotuba ya Mwenyekiti: Habari ya Sufuria Yetu



Mimi elimu yangu ni darasa la saba, hotuba ndefu siziwezi. Mambo ya hisa na mikopo katibu ameyaandika vizuri kurasa za mbele. Mimi nitasema habari ya sufuria, maana wengi mmekula pilau leo na hamjui sufuria ile imetupitisha wapi.

Tulianza mwaka 2015, wanawake 14, kila Jumamosi shilingi 1,000. Sanduku lilikuwa na makufuli matatu, lakini ndani hamna kitu! Mmoja akikopa, wengine wanangoja. Ndipo tukanunua sufuria ya kilo 20 za mchele, tukaanza kupikia watu wa shughuli.

Pilau la watu wengi si la nyumbani. Mafiga ni mawe makavu, msichukue ya mtoni, yale yakipata moto hupasuka. Sufuria tunaipaka udongo kwa nje, masizi yatoke kwa urahisi. Nyama inachemshwa kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, supu tunaiweka. Vitunguu maji kwa mchele ule ni kama kilo 4, na hapo ndipo penye kazi: vikaange mpaka viwe kahawia, usiondoke hata ukiitwa na mumeo. Vikiwa vyeusi pilau ni chungu. Halafu bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, viazi, nyama, ndipo supu. Nyumbani kikombe kimoja cha mchele tunatia viwili vya maji, lakini sufuria kubwa haikauki upesi, punguza. Ikichemka sana tia mchele, moto uwe mkali. Maji yakilingana na mchele, toa kuni zote, geuza mara moja kwa mwiko mrefu, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Nusu saa usifunue. Watu wanapenda kuchungulia, mvuke wote unatoka.

Hayo yote alitufundisha mama mmoja aliyekuwa mzee wetu wa moto. Wanachama wapya hamumjui.

Shughuli yetu ya pili ilikuwa harusi. Usiku mvua ilinyesha, kuni zikalowa. Yule mama akasema, mwanangu, tusiinjike, tutafute kwanza kuni kavu hata kwa kununua. Mimi nikaona hela itapotea. Nikamjibu mbele ya watu kwamba mwenyekiti ni mimi, injikeni. Basi ikawa moshi mtupu. Supu haijachemka sawasawa, mchele nikaamuru utiwe. Saa sita wageni wamekaa, mimi kwa pupa nikasukumia kuni nyingi. Chini likaungua, katikati likawa bokoboko, juu mchele una kiini. Mwenye harusi hakutulipa, akadai na gharama ya nyama na mchele wake. Tukatoa shilingi 180,000 kwenye sanduku, karibu akiba yote.

Kwenye kikao nikasema aliyesimamia moto ni yule mama. Hakujibu kitu. Alichukua kanga yake, akaondoka, na wawili wakamfuata. Wale wawili walirudi baadaye. Yeye hajarudi mpaka leo. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Daftari la kikundi limeandikwa hasara ile ni ya mvua. Haikuwa mvua. Nilikuwa mimi, na yeye alinionya. Nimekaa na neno hili miaka tisa, wenzangu, sikuweza kuliacha lisiwemo katika kitabu hiki.

Vijana wetu wanataka tununue jiko kubwa la gesi. Mimi sipingi, moshi umetuumiza macho vya kutosha. Tutaongea kwenye kikao cha mwezi ujao.

Katibu, naomba ule ukurasa wa daftari usahihishwe, ukiandike cheo changu. Na sinia moja nimeliweka pembeni, limefunikwa kawa. Jioni hii nitalipeleka mwenyewe kwa yule mama, akikubali kunifungulia mlango.