Pesa Ndogo za Simu

(Maneno ya mwalimu mmoja wa kambi ya Nkamira, Wilaya ya Rubavu, kwenye mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Komite imeniomba niseme juu ya jambo ambalo limeingia karibu kila nyumba hapa kambini: zile pesa ndogo ambazo mtu anaahidiwa kuzipata kwa simu, saa ambazo hana shughuli nyingine. Sisi hapa tumekosa mashamba, tumekosa ng'ombe, lakini wakati hatukuukosa. Ndiyo maana wenye ahadi wanatujia.

Nianze kwa kuwajibu wazee wanaosema kwamba mambo hayo yote ni wizi. Hapana, kuna ya kweli. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Mmarekani mmoja, Nathan Eagle, alitengeneza njia ya wauguzi kutuma ujumbe wa simu kila siku kueleza akiba ya damu iliyobaki hospitalini. Siku za kwanza ilikwenda vizuri, kisha ujumbe ukakatika. Kumbe kila ujumbe ulikuwa unatoka mfukoni mwa muuguzi. Walipoanza kurudishiwa yunite, zikizidi kidogo gharama ya ujumbe, taarifa zikarudi. Kutokana na hayo, kufikia mwaka 2009 alikuwa na kampuni iliyoitwa txteagle, iliyowapa watu kazi ndogo kwa simu, kama kutafsiri maneno katika lugha zao, na kuwalipa kwa yunite au kwa pesa za simu. Mwaka huohuo, shirika la Samasource, lililoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008, lilijaribu kuwapa kazi ndogo za kompyuta wakimbizi wa Dadaab, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Wakimbizi kama sisi.

Kwa hiyo kazi zipo: kusikiliza sauti na kuandika unachosikia, kuweka alama kwenye picha, kujibu maswali ya wafanya biashara. Lakini ni kazi, si bahati nasibu, na kazi hupigiwa hesabu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wanajua hesabu hii, nataka na wakubwa waijue.

Tuseme kijana anaandika vipande vya sauti, kila kipande faranga 40. Kwa saa moja amemaliza vipande 12, yaani faranga 480. Kabla ya hapo alikaa nusu saa akitafuta kazi yenyewe, na hiyo hakuna anayeilipa. Amenunua mega za faranga 200, amelipa faranga 100 kuchaji simu. Zimebaki 180. Halafu vipande viwili vikakataliwa, bila sababu kuelezwa: ondoa 80. Faranga 100 kwa saa moja na nusu. Hata hizo hazijafika mkononi, kwa sababu wengi hawalipi mpaka ufikishe kiwango, labda dola 10, na wanalipa kwa akaunti ambayo mkimbizi hana. Hapo anatokea rafiki mwenye akaunti mjini Gisenyi. Nani sasa ameshika pesa? Rafiki.

Msidhani natia chumvi. Shirika la Kazi la Kimataifa liliwauliza watu 3,500 wa nchi 75, na mwaka 2018 likatoa taarifa. Kwa kila saa ya kulipwa, walipoteza dakika 20 bila malipo. Karibu tisa katika kila kumi waliwahi kukataliwa kazi au kunyimwa malipo. Kwa Afrika, wastani ulikuwa dola 1 na senti 33 kwa saa. Na kazi yenyewe inaweza kufungwa siku moja: mwezi wa Machi 2024 kampuni ya Remotasks iliacha kutoa kazi Kenya, na vijana waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo wakaarifiwa kwa barua pepe tu.

Hata hivyo simkatazi kijana. Faranga 100 hununua daftari. Ila ajue kwamba ni daftari amenunua, asiache shule kwa ajili yake.

Ninalolikataa kwa nguvu zote ni jambo la pili, ambalo linavaa nguo za la kwanza. Hilo linakuambia: tazama picha, bonyeza, utalipwa, lakini kwanza weka pesa kidogo. Tena ukileta watu watatu utapanda daraja.

Wazee wetu mnalijua jambo hili kuliko sisi. Mnakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, ilivyoanguka mwaka 1991, nchi ikiitwa bado Zaire. Watu walipeleka akiba zao wakiahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa pesa za waliokuja nyuma. Tanzania waliona DECI mwaka 2009, ambako kuweka pesa kuliitwa kupanda mbegu. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, hukohuko Tanzania, kulikuwa na LBL: lipa kiingilio, kisha ulipwe kwa kutazama matangazo ya sinema kwenye simu. Mwezi wa Februari ikafika kwa polisi, watu wakakamatwa. Simu ni mpya, mchezo ni wa Bindo.

Hapa kwetu mama mmoja aliweka pesa za chakula za mwezi mzima. Siku tisa alilipwa faranga 500 kila siku, akafurahi, akawaita majirani wawili nao wakaweka. Siku ya kumi programu haikufunguka. Watoto wake wanne walikula kwa kuazima, na wale majirani hawamsalimu tena kwenye bomba la maji. Sitamtaja jina, na naomba asitafutwe. Aliyemwingiza ni ndugu yake wa Goma, ambaye naye aliingizwa na mwingine. Katika mlolongo huo mwizi mwenyewe huwezi kumwona, unawaona ndugu tu. Naomba majirani hao wamsalimu, maana naye alifanyiwa kama wao.

Neno jingine dogo, ila zito. Yuko mtu anayepita akiomba kupiga picha vitambulisho vyetu vya ukimbizi, au kununua laini ya simu iliyoandikwa jina lako, kwa faranga elfu moja au mbili. Laini hiyo ikitumika kuibia mtu, polisi watakuja kwako. Usimpe, hata akisema ni kwa ajili ya kukuandikia kazi.

Nimekwisha kuongea na Komite, imekubali. Kila Jumamosi saa nane mchana nitakuwa darasani pamoja na walimu wenzangu wawili. Mtu yeyote aliyetumiwa ahadi, kabla hajalipa chochote, aje atuonyeshe ujumbe, tuusome pamoja na kupiga hesabu kwa chaki ubaoni. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake. Hatutamcheka mtu, na hatutaandika jina lake popote. Mje na simu zenye chaji, kwa kuwa darasani hakuna umeme.