Kuutazama Mji kabla ya Kuuhamia

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi, hasa vijana wa Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni, juu ya safari ya kwenda ng'ambo kutafuta kazi. Hatukuja kumzuia mtu, kwani safari ni jambo la zamani kwetu sisi watu wa Pemba. Neno letu ni moja tu: atakaye kuuhamia mji na autazame kwanza.

Wazee wetu walioabiri majahazi kwenda Arabuni hawakuhitaji kuhimizwa. Walikwenda kwa upepo wa kusi, na aliyefika Maskati hakuweza kurudi mpaka uvume upepo wa kaskazi. Kwa hiyo walikaa huko miezi, wakaujua mji, na bei zake, na watu wake. Siku hizi ndege hufika kwa muda wa saa chache, na mtu aweza kuanza kazi kesho yake katika mji asioujua hata njia ya sokoni. Zamani upepo ulitupa muhula. Sasa yatupasa tujipe wenyewe.

Basi mwenye uwezo na aende majuma mawili au matatu kama mgeni, wala asishike kazi, maana ruhusa ya matembezi si ruhusa ya kazi. Aende Juni au Julai, wakati hari ipitapo digrii 40. Sheria ya Oman yenyewe hukataza kazi za juani toka saa sita u nusu mchana mpaka saa tisa u nusu, kuanzia Juni hadi Agosti. Aliyeuona mji ule Januari tu hajauona. Tena asishinde katika maduka ya Matrah akitazama mapambo. Aende Ruwi akaulize kodi ya chumba, nauli ya gari na bei ya mchele. Na hesabu aifanye kwa riale. Riale moja ina baisa 1,000, na ikigeuzwa shilingi huonekana fedha nyingi. Lakini mwenye nyumba wa huko hataki shilingi, hutaka riale zile zile.

Asiye na nauli ya safari mbili aweza kumtuma jamaa akamtazamie. Tangu 1964, na zaidi tangu Sultani Qaboos alipotawala mwaka 1970, watu wengi wa Unguja na Pemba wamehamia Oman, na Kiswahili chasemwa huko. Lakini jamaa huyo asiulizwe kama mji ni mzuri, kwa kuwa aliye ng'ambo huona haya kukiri dhiki. Aulizwe hivi: mwezi uliopita ulilipa kodi kiasi gani, na nyumbani ulipeleka kiasi gani?

Twawakumbuka hasa dada zetu waendao kufanya kazi za nyumbani. Kwao mji mzima ni nyumba moja, nao hawana nafasi ya kwenda kuitazama. Basi na waulize habari za nyumba hiyo: ina watu wangapi, siku ya kupumzika ni ipi, simu wataachiwa, na pasi atakaa nayo nani? Majibu yaandikwe katika mkataba, na mkataba usomwe katika ofisi ya kazi kabla ya kuondoka.

Twasema haya kwa sababu tumeona mikarafuu ikiwekwa rehani kwa ajili ya nauli. Mkarafuu hukaa miaka kadha wa kadha kabla ya kuzaa, na kuupoteza ni kazi ya siku moja. Safari ya kutazama ina gharama, ni kweli. Lakini kurudi mikono mitupu, na shamba limekwisha kwenda, ni gharama kubwa zaidi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.