Viwanja vya Mpira na Chuki juu ya Wayahudi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa masomo)



Wengi wenu hapa ni watu wa Chelsea, wengine wa Arsenal au Tottenham, na kila Jumatatu magoli huhesabiwa upya kabla ya kazi kuanza. Leo nataka kuwaelezeni jambo la viwanja hivyo ambalo hatulioni sana katika televisheni.

Tottenham ni timu ya kaskazini ya London. Tangu zamani Wayahudi wa sehemu zile wameishabikia, ingawa mashabiki wake wengi si Wayahudi. Kwa ajili hiyo baadhi ya mashabiki wa timu nyingine huimba nyimbo za kuwatukana Wayahudi, na wengine hutoa sauti ya "sss" kwa meno. Sauti hiyo ni ya gesi. Katika Vita Kuu ya Pili Wanazi wa Ujerumani waliua Wayahudi kama milioni 6, wengi kwa gesi ya sumu. Basi fikirini mtu aliyenunua tikiti kwa mshahara wake, amemleta mtoto wake, na babu yake alifia huko. Nyuma yake mtu anapiga "sss". Mtu huyo atajificha asijulikane kuwa ni Myahudi, ama hatarudi tena.

Dawa iliyozoeleka ilikuwa kumfukuza mkosaji. Januari 2018 Chelsea walianza kampeni ya kupinga chuki hii, na mwaka ule ule Bruce Buck, aliyekuwa mwenyekiti wao, alieleza kwamba kufukuza peke yake hakumbadilishi mtu. Mkosaji achague: afungiwe mlango, ama akae na watu wa klabu afundishwe kosa lake. Tena klabu ilipeleka wajumbe Auschwitz, katika Poland, wakaone kwa macho yao mahali penyewe pa mauaji.

Wako wanaosema huku ni kumbembeleza mkosaji. Mimi sikubali. Sisi tunaoendesha masomo ya wanachama tunajua kwamba ukimtoa mtu mkutanoni, atasema yale yale nje, na huko hakuna wa kumjibu. Lakini anayekataa kufundishwa, huyo mlango na ufungwe.

Afundishwe nini? Mimi ningeanza na Julius Hirsch. Alikuwa Myahudi, mchezaji wa Karlsruher FV iliyokuwa bingwa wa Ujerumani mwaka 1910. Aliichezea Ujerumani mara 7, na mwaka 1912 aliifunga Uholanzi magoli 4 katika mchezo mmoja. Alipigania nchi yake katika vita ya 1914 mpaka 1918, na ndugu yake aliuawa vitani. Halafu Aprili 1933 klabu 14 za kusini mwa Ujerumani, na yake ikiwemo, zilitangaza kwamba zitawaondoa Wayahudi. Hirsch aliisoma habari hiyo gazetini! Akaandika barua ya kujitoa katika klabu aliyokuwamo tangu 1902. Machi 1943 alipelekwa Auschwitz, hakurudi.

Angalieni tarehe, ndugu zangu. Tangazo lile lilitoka Aprili 9. Tarehe 2 Mei mwaka ule ule Wanazi walivamia ofisi za vyama vya wafanyi kazi Ujerumani nzima, wakawakamata viongozi. Wiki tatu tu na siku mbili.

Kazi hii ya kufundisha si ya siku moja. Desemba 2018, miezi 11 baada ya kampeni kuanza, baadhi ya mashabiki wa Chelsea waliimba matusi yale yale huko Budapest, na klabu yao wenyewe ikawalaani hadharani. Haikuacha. Januari 2020 ilizindua picha kubwa ya ukutani katika kiwanja chake, Stamford Bridge. Imechorwa Hirsch, na Árpád Weisz, Myahudi wa Hungaria aliyeipa Bologna ubingwa wa Italia 1936 na 1937, akafia Auschwitz 1944; na Ron Jones, askari Mwingereza aliyekuwa mfungwa wa vita huko. Hakuna hata mmoja wao aliyeichezea Chelsea.

Bwana Mwenyekiti, naona mikono imekwisha inuka. Nakaa nisikie maswali.