Kiongozi Aanze Kujitoza Faini Mwenyewe

Maneno ya ofisa uhusiano wa polisi mbele ya wenyeviti wa steji za bodaboda na viongozi wa LC I, mjini Mbale

Nawashukuru kwa kuacha kazi asubuhi ya siku ya soko. Najua kwamba kwa dereva wa bodaboda saa moja ya siku kama hii ni pesa, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya nidhamu ya nafsi na wajibu wa mtu binafsi katika uongozi. Mada hii ina hatari yake. Polisi akisimama kuhubiri nidhamu, wasikilizaji hutazama kwanza viatu vyake, kisha humkumbuka askari fulani aliyewahi kuwadai kitu kidogo barabarani. Mna haki ya kukumbuka. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika Ibara ya 211, inataka jeshi la polisi liwe la kizalendo, lenye weledi, lenye nidhamu, lenye uwezo na lenye tija. Neno hilo la nidhamu limewekwa humo kuwa amri juu yetu, wala halikuwekwa kuwa pambo. Basi nitaanza na nafsi yangu.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilitoka chuoni Kabalye, Masindi, nikiwa konstebo mpya, nikapangwa katika kituo kidogo ambacho sitakitaja. Usiku mmoja nilikuwa zamu ya kaunta peke yangu. Ilipofika saa nane nilifunga mlango, nikajinyoosha juu ya benchi. Katikati ya usingizi nilisikia mtu akigonga, nikajiambia ni upepo. Alfajiri nilipofungua nilimkuta mama mmoja ameketi chini, ameegemea ukuta, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba hata halifunguki. Alikuwa amepigwa na mumewe. Nilimpokea kwa adabu zote, nikaiandika taarifa yake katika kitabu cha matukio. Lakini mahali pa saa niliandika saa kumi na moja na nusu alfajiri, kana kwamba ndipo alipofika. Mama yule hakujua kusoma, na mwingine wa kuniona hakuwapo.

Sajini wetu, mzee mwenye maneno machache, alizungumza na mama yule asubuhi, kisha akakifungua kitabu na kuniita. Hakunifokea. Aliniuliza tu, “Kijana, mama huyu alifika hapa saa ngapi?” Nikamjibu, “Saa kumi na moja na nusu, afande.” Akaniuliza mara ya pili, nikajibu vilevile. Mara ya tatu ulimi ukawa mzito. Nikasema, “Afande, sijui. Nilikuwa nimelala.” Alinipa kalamu, akaniamuru niandike maneno hayo kwa mkono wangu mwenyewe chini ya mstari ule wa uongo, bila kuufuta, na nitie sahihi. Kisha nilipelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, nikaadhibiwa.

Ningependa kuwaambia kwamba jambo liliishia hapo. Kesi ilipofika mahakamani, wakili wa yule mume alikitumia kitabu chetu. Aliuliza: ikiwa kitabu cha polisi kina saa mbili kwa tukio moja, ni kipi cha kuaminiwa ndani yake? Mume aliachiwa. Mama yule alitoka nje ya chumba cha mahakama akiwa amembeba mwanawe, akanipita pasipo kunitazama, nami sikumwona tena tangu siku ile.

Adhabu niliyopewa nimekwisha kuisahau nusu yake. Mstari ule sijausahau. Usingizi ulikuwa udhaifu wa mwili, na udhaifu wa mwili tunao wote. Saa ya uongo niliiandika nikiwa macho, kwa hiari yangu, ili kosa langu libebwe na mtu mwingine. Na aliyelibeba alikuwa mnyonge kuliko wote tuliokuwa katika chumba kile. Tangu hapo, mtu akiniuliza wajibu ni nini, mimi hukumbuka kalamu ya yule mzee.

Sasa niwageukie ninyi. Nitawapa habari ya mwenyekiti mmoja wa steji. Jina lake na la steji yake nitayaweka kando, maana hakuniruhusu kuyataja. Wengine humu mtamtambua, na nawaomba mumwache akae kimya chake.

Steji ile ilikuwa na kanuni, kama zenu: asiyevaa kofia ngumu atatozwa, anayebeba abiria wawili atatozwa, na faini huingia katika mfuko wa kusaidiana. Siku moja jioni, mvua ikinyesha, mwenyekiti mwenyewe alibeba mtu na mkewe hadi hospitali. Hakuna aliyemlaumu, mke alikuwa mgonjwa. Kesho yake asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuondoka, alifungua daftari la steji, akaandika jina lake, akaandika kosa, akaweka pesa mezani. Madereva wakamwambia, “Mzee, ile ilikuwa dharura.” Akawajibu, “Dharura tutaijadili Jumapili katika kikao, tukipenda tuiweke katika kanuni. Leo kanuni haijui dharura.” Wengine walicheka. Nakiri kwamba hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza nilimwona mkali kupita kiasi.

Miezi michache baadaye, pikipiki tatu ziliibwa katika eneo lile kwa muda wa wiki mbili. Mnajua maana yake. Pikipiki nyingi hizi zimenunuliwa kwa mkopo. Ikipotea, deni halipotei. Usiku mmoja vijana walimkamata mtu akiisukuma ya nne. Watu walijaa kufumba na kufumbua. Alikwisha kupigwa mawe mawili matatu, na mmoja alikuwa amekwenda kuleta petroli. Mwenyekiti alifika, akasimama juu ya yule mtu, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku, akasema neno moja: “Basi.”

Nimewauliza vijana kadhaa kwa nini walisimama. Mwenyekiti yule si mtu wa mwili mkubwa, wala hakuwa na silaha. Kijana mmoja alinijibu kwa namna ambayo sikuitarajia. Alisema, “Afande, yule hajawahi kutuambia kitu ambacho yeye mwenyewe hafanyi.” Hapo ndipo nilipoielewa ile faini. Usiku ule alihitaji utii kwa dakika moja tu, na katika dakika hiyo hapakuwa na nafasi ya kuanza kuutafuta. Alikuwa amekwisha kuulipia, asubuhi ile baada ya mvua.

Nisiwafiche yaliyofuata. Yule mtu alikuwa mwizi kweli. Tulimchukua, tukamtibu, tukamhoji. Na baada ya siku chache aliachiwa kwa bondi, uchunguzi ukiendelea. Vijana walipomwona mtaani hasira yote ilimgeukia mwenyekiti. Waliniambia wazi kwamba polisi wamekula, na kwamba mwenyekiti naye amekula. Wawili walihama steji. Kwa wiki nzima alikuwa akisalimia watu wasioitikia. Alikuja ofisini kwangu, akaketi, akaniambia, “Afande, nieleze mimi, ili nami nikawaeleze.” Hakuja kulalamika kwamba tumemwaibisha, ingawa kwa haki angeweza.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza sasa. Mtu aliyekamatwa hukaa mikononi mwa polisi kwa muda usiozidi saa 48, kisha ama afikishwe mahakamani ama aachiwe kwa bondi. Hiyo ni Katiba, Ibara ya 23. Bondi si msamaha wala si hukumu. Ni ahadi ya kurudi, yenye mdhamini. Na bondi ya polisi hailipiwi. Askari akikudai hata shilingi moja kwa ajili ya bondi, amekudai rushwa, nawe uje uniambie mimi au mkuu wa kituo. Nikakiri pia mbele yake kwamba kosa letu lilikuwa moja: tulimwachia mtu yule bila kumjulisha mtu yeyote wa steji, tukamwacha mwenyekiti apambane na uvumi peke yake. Tangu siku hiyo, mtuhumiwa wa wizi wa pikipiki akipewa bondi katika kituo chetu, mwenyekiti wa steji na wa LC I hupigiwa simu kabla hajatoka mlangoni.

Mwizi yule, kwa kuwa alikuwa hai, alizungumza. Pikipiki mbili kati ya tatu zilipatikana. Yeye mwenyewe alirudi kwa bondi yake, akakiri mahakamani, akafungwa. Vijana wale wawili waliohama, mmoja amerudi.

Nimeona vijana kadhaa humu wamevaa fulana za mashindano ya mbio, na hapa Elgon mbio ni kama chakula, kwa hiyo niruhusuni niongeze jambo la uwanjani. Joshua Cheptegei ni mwanajeshi la polisi mwenzetu, mtoto wa Kapchorwa. Tarehe 26 Machi 2017, mbio za nyika za dunia zilifanyika kwetu, Kololo, Kampala. Taifa lote lilikuwa linamtazama. Aliongoza, akawaacha wenzake mbali, umati ukapiga kelele; kisha katika mzunguko wa mwisho miguu ikamwishia, akapepesuka mbele ya macho yetu sote, akamaliza wa 30. Wengi tulidhani ndiyo basi. Mwezi Agosti mwaka huohuo alipata medali ya fedha ya mita 10,000 mjini London. Mwaka 2019 alikwenda Aarhus, Denmark, katika mbio zilezile za nyika zilizomwangusha Kololo, akashinda. Mwaka 2020 alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000, kisha akatwaa dhahabu za Olimpiki Tokyo na Paris.

Watu hupenda kunitajia dhahabu. Mimi huwaza ile asubuhi ya kwanza baada ya Kololo, alipoamka na kufunga kamba za viatu, hakuna umati wala kamera. Hata John Akii-Bua, polisi mwenzetu wa zamani, aliyeiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Munich mwaka 1972, alikimbia ile fainali ya mita 400 kuruka viunzi katika njia ya kwanza ya ndani, ambayo wakimbiaji huikimbia kwa sababu ya kona zake kali. Alitumia sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Njia ile angeweza kuilaumu, na angeeleweka.

Sasa mambo ya kazi. Kila steji iliyo na daftari la faini na la akiba, nawaomba daftari hilo liwe linasomwa kwa sauti kila mwezi mbele ya wanachama wote, na jina la mwenyekiti lisomwe la kwanza, liwe na deni au lisiwe na deni. Akina mama wa vikundi vya akiba mmetutangulia katika hili kwa miaka mingi. Nimewaona mkihesabu pesa mbele ya kila mtu hata mvua ikinyesha, na sanduku likiwa na funguo tatu mikononi mwa watu watatu. Wenyeviti wa mayumba kumi (mwalimu wangu wa Kiswahili angenisahihisha neno hilo, lakini ndivyo tunavyoliita huku), nanyi mfanye vivyo hivyo kwa michango ya ulinzi wa mtaa. Na kofia ngumu: sheria inamtaka dereva avae, na abiria wake avae. Nimehesabu pikipiki zilizoegeshwa nje nilipokuwa naingia. Sitaitaja idadi ya kofia nilizoziona. Hata pikipiki ya kituo chetu iliyonileta haikuwa na kofia ya pili, nami nilipanda hivyohivyo. Faini yangu nimemkabidhi mwenyekiti wa steji ya hapa mlangoni, naye ameniandika katika daftari lake.

Naketi sasa. Najua kuna maswali juu ya bondi; tuanze na hayo, na mzee aliyenyoosha mkono kule nyuma tangu nilipoitaja ndiye wa kwanza.